Nusu Wati kwa Kila Lita

Kitabu changu cha akwariamu kilichapwa Ufaransa wakati taa ndefu za neoni zilikuwa bado fahari ya mjini, na mwandishi wake hakuwahi kulala katika nyumba yenye pano moja la jua juu ya bati. Nalijua hilo kwa ukurasa mmoja tu. Anaandika, kwa utulivu wa mtu ambaye kila ukuta wake una prizi, kwamba tangi lenye mimea linahitaji nusu wati ya taa kwa kila lita ya maji, saa 10 hadi 12 kila siku. Akishasema hivyo anahamia kwenye habari za changarawe, hana wasiwasi wowote.

Tangi langu lina lita 100. Mke wangu, Mama Neema, anafundisha hesabu hapa Masisi-Centre, na nyumba yetu haikosi chaki, kwa hiyo sikupata nafasi ya kufika kwenye changarawe. Aliandika mlangoni. Nusu mara 100 ni wati 50. Wati 50 kwa saa 10 ni wati-saa 500. Batri yetu ni ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo kwenye karatasi ni wati-saa 1,200, lakini batri ya asidi ukiikamua kupita nusu unaifupishia maisha, tuseme 600. Pano letu ni la wati 100, na kwa mawingu ya Masisi siku nzuri linaleta 400. Akapiga mstari chini, akapangusa vidole.

"Baba Neema, samaki watakula umeme wote wa nyumba, na jioni watakuwa wanatudai mia. Sisi tutaangaziwa na nani?"

Nilimweleza kwamba hesabu ile ni ya zamani. Wati ni kipimo cha kile taa inachokula, hakisemi inachotoa. Neoni ya enzi zile na taa ya LED ya leo zikila sawasawa, LED inatoa mwanga mwingi zaidi, tena inauelekeza chini badala ya kuumwaga pande zote. Kanuni ya nusu wati ilikwisha kufa pamoja na neoni zake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kanuni iliyokufa haifai kusomwa kwa sauti wakati watu wanakula.

Tangi lenyewe lilikatwa Goma na fundi wa vioo vya madirisha, likaunganishwa kwa silikoni, likapandishwa juu ya Fuso lililokuwa linarudi Masisi kuchukua viazi. Kutoka Goma hadi Sake ni kilometa kama 25, ziwa liko kushoto na lava iko kila mahali. Baada ya Sake barabara inaanza kupanda kuelekea Mushaki, na huko ndiko dereva alikotaka kujua kama kioo kinaweza kushuka na kutembea kwa miguu. Kila tuliposimamishwa niliulizwa ni nini hicho. Mmoja alidhani ni televisheni iliyotolewa matumbo. Mwingine alikuwa na hakika ni kabati la mandazi. Mama mmoja muuza fromaji, mwenye yale magurudumu ya njano ya maziwa ya Masisi yaliyopangwa kwenye ubao, alinipa bei nzuri papo hapo, akaahidi kwamba humo ndani fromaji zake zingeonekana kama bidhaa za Ulaya. Nilipomwambia ni nyumba ya samaki na majani, aliniangalia kwa huruma, akanipunguzia bei ya fromaji niliyokuwa sijaomba.

Kuna watu huuliza: na vita hivi vyote, mtu wa Masisi anafuga majani ya majini? Vita havikuniomba ruhusa, nami siviombi ruhusa ya kufuga kangaga.

Kangaga huyo alitoka Walikale. Ndugu ya mke wangu anaishi huko chini, karibu na mto Lowa, kwenye msitu ambao ukitoka kwetu unaufikia kwa kushuka tu: Nyabiondo, Kashebere, Kibua, na kila unaposhuka unavua nguo moja. Kwetu ni vilima, ng'ombe na baridi ya usiku. Kwao ni miti, joto na mvua. Shemeji aliposikia natafuta mimea ya majini alidhani nimefilisika, maana kwao mimea ya majini haitafutwi, inakwanguliwa miguuni. Lakini alituma. Motari alifika na bidoni la manjano lililokatwa juu, ndani yake kuna mawe, na juu ya mawe kuna maisha. Mmoja ulikuwa ule kangaga wa maji ambao wataalamu huuita Bolbitis heudelotii, majani yake yamechanwachanwa, kijani chake kinapenyeza mwanga. Mwingine ulikuwa wa ukoo wa Anubias, jamaa wa vijito vya msituni kuanzia Afrika ya magharibi hadi kwetu Kongo, majani mazito, shina lake linatambaa juu ya jiwe na mizizi imeling'ang'ania. Motari aliomba malipo ya abiria wawili. Alisema mawe hayana tofauti na mtu, yote yanakaa nyuma.

Basi tulikuwa na tangi, maji, mimea, na vitilapia vichache vya kuanzia kutoka bwawa la jirani. Kilichobaki ni taa.

Nilianza na ampuli ya sebuleni, ile ya mwanga wa njano. Hapo ndipo nilipogundua kwamba duniani kuna vita vingine, vya kelvini. Ampuli ya njano ni ya kelvini 2700 hivi. Mwanga unaofanana na wa mchana ni wa 6500. Ukiweka ya 2700, tangi lote linapata rangi ya kasiksi, na mgeni wa kwanza aliyeingia aliuliza kama iko tayari kunywewa. Mimea yenyewe haikulalamika. Mmea hula mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700, na njano hiyo ina wekundu wa kutosha. Anayelalamika ni jicho. Hata lumeni, zile namba wanazoziandika kubwa kwenye maboksi, zimepimwa kwa jicho la mtu, ambalo linaona vizuri zaidi kijani, karibu na nanomita 555. Na kijani ndiyo rangi ambayo jani haliipendi sana. Maana yake boksi linakueleza jinsi mwenye tangi atakavyofurahi, halisemi jinsi jani litakavyoshiba.

Nikaenda Goma na elimu hiyo kichwani. Mtu mwenye elimu mpya sokoni ni chakula. Muuzaji mmoja wa Birere alinisikiliza nikieleza habari za nanomita, akaniacha nimalize, akachomoa chini ya meza kitu ambacho alisema ndicho hasa nilichokuwa nakitafuta: taa ya LED nyekundu na bluu tupu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea. Na hakudanganya. Mwaka 1882 Mjerumani Theodor Engelmann aliutandaza mwanga kwa mche wa kioo, akaulaza juu ya uzi wa mwani, akatia humo bakteria wapendao oksijeni. Bakteria wengi wakakimbilia penye wekundu na penye bluu, kwa sababu hapo ndipo mwani ulipokuwa unatoa oksijeni nyingi. Penye kijani walikuwa haba. Muuzaji wangu hakumtaja Engelmann, lakini bei yake ilimhesabu.

Sijui Engelmann aliishi nyumba yenye mapazia ya aina gani. Yangu ni ya kitenge chepesi. Jioni ile nilipowasha, nyumba nzima iligeuka zambarau, na Masisi ni nchi ya vilima: unachowasha kilima hiki kinasomwa kilima kile. Saa moja haijapita, vijana wawili waliovaa mashati safi walibisha hodi, wakataka kujua Primus ni bei gani na kama kuna ya baridi. Nikawaambia hapa ni kwa mwalimu. Wakacheka, wakaniambia hata kule Goma kuna moja inayoitwa kwa mwalimu.

Kesho yake akaja mama mmoja wa kikundi cha maombi kuuliza ni nabii gani amepanga chumba kwetu na zamu ya wagonjwa ni lini. Mama Neema alimkaribisha chai. Waliporudi sebuleni, mama yule alisimama mbele ya tangi akiwa amefumba macho, na sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Mwishowe akaja chefu wa kartie, na daftari lake.

"Mwalimu, unayo otorizasyo ya kufungua?"

"Kufungua nini, chefu?"

"Kile ulichofungua."

Nilimkalisha. Nikamwonyesha. Vitilapia vilikuwa vinaelea katika zambarau ile na sura za wafungwa, na mimea, ndiyo balaa yenyewe, ilionekana myeusi tii. Jani linaonekana kijani kwa sababu linairudisha rangi ya kijani. Ukilinyima kijani, halina cha kurudisha. Nilikuwa nimesafiri hadi Goma, nimelipa dola, ili niangalie mimea ya rangi ya makaa. Nikamweleza chefu jambo hilo lote, na Engelmann, na bakteria. Aliandika kidogo, akafikiri.

"Kwa hiyo jani linakula rangi mbili, ya tatu linaikataa?"

"Haliikatai kabisa, sehemu linaila, lakini linairudisha kuliko zile mbili."

"Kama mtoto wangu na maharage," akasema, akafunga daftari. Kisha akaeleza kwamba yeye binafsi ameelewa, ila kodi ya mahali pa starehe haiangalii kama wateja ni watu au ni samaki, na kwamba lingekuwa jambo la busara taa ile ibadilishe makazi. Ilibadilisha. Wale vijana wawili waliinunua kwa nusu ya bei niliyoitoa, na nasikia huko chini ya soko biashara inakwenda vizuri sana.

Wakati huo barabara ya Sake ilifungwa tena, hakuna kilichopanda wala kushuka, na nikabaki bila taa. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kutusalimu na akazuiwa na barabara hiyohiyo, aliniuliza swali ambalo mwandishi wa kitabu hakulitazamia: "Mwanangu, jua limekukosea nini?" Kitabu kinakataza katakata kuweka tangi dirishani. Lakini kitabu hakikuwa na mama mkwe. Tukalisogeza dirishani, na kwa siku chache nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika teritwari.

Kwetu hata digrii mbili kutoka ikweta hatufiki. Saa 12 za mchana ni saa 12, Januari na Julai, hakuna kiangazi cha kungoja wala majira ya giza. Jua la saa nne asubuhi liliingia tangini, na majani yakaanza kutoa vipovu, vidogovidogo, vikipanda kwa mstari. Neema aliita majirani waje waone majani yanavyochemka. Mama mkwe alitia kidole majini kuhakikisha. Nikawaeleza kwamba mwaka 1779 daktari wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, alizamisha majani majini akaona kitu hikihiki: juani yanatoa vipovu, gizani yanaacha, na hivyo vipovu ni ile hewa tunayoivuta sisi. Mama mkwe akasema Mholanzi huyo angeokoa muda kama angeuliza.

Kisha maji yakaanza kubadilika. Kwanza yalikuwa na ukungu, halafu kijani changa, halafu kijani iliyokomaa; mwisho ukasikia kitu kinagonga kioo kwa ndani ndipo ukajua samaki bado wapo. Mmea mkubwa hauishi kwa mwanga peke yake. Unataka kaboni dioksidi, naitrojeni, potasiamu, chuma, na kile kilicho kichache kuliko vyote ndicho kinachoamua utakua kiasi gani. Justus von Liebig, Mjerumani mwingine, aliwahubiria wakulima kanuni hiyo katika karne ya 19. Kangaga wangu alikuwa na jua la kulisha shamba, lakini gesi na mbolea alikuwa navyo vya kijiko. Jua lililobaki halikukaa bure. Mwani uliliona, ukalichukua, ukazaana. Mtu akiongeza mwanga bila kuongeza kingine, anaulipia mwani karamu.

Neema alileta bakuli. Alisema kama ni sombe, imeshapondwa, bado mafuta tu.

Barabara ilipofunguliwa, hakikuja kitu kutoka Goma. Alikuja shemeji kutoka Walikale. Alikuja na mambo yake, na zawadi kwa ajili yangu: torshi ya kichwani, ya wale wachimbaji wa kasiteriti, iliyokwisha kufanya kazi upande wa Bisie na bado ina uhai. Alikuwa amesikia nahangaika na taa. Aliifunga kamba yake kuzunguka tangi, akaiwasha. Sasa torshi ya mchimbaji imetengenezwa imuonyeshe mtu mmoja jiwe moja. Mwale wake ulishuka wima, ukaangukia jani moja la Anubias, na pembeni kote giza. Kitilapia kimoja kilikuwa kinaingia kwenye mwale ule na kutoka, kinaingia na kutoka, na kila kikiingia kilikuwa na sura ya anayehojiwa.

"Hii taa ni nzuri," shemeji akasema, "lakini njo ya kutafutia, siyo ya kukalia."

Na hapo, bila kujua, alisema jambo ambalo maboksi ya taa hayalisemi vizuri: nguvu ya taa peke yake haitoshi, lazima uangalie pia inamwaga mwanga kwa upana gani. Kisha akauliza ninatafuta mwanga wa nini hasa. Nikamwambia wa hii mimea yake. Akacheka hadi akashika tangi, na mke wangu akamwambia aliachie.

"Shemeji, hii mimea niliitoa wapi? Niliitoa chini ya miti, kwenye kakijito, mchana nikiwa na torshi mkononi. Jua haijawahi kuiona. Unaipeleka dirishani, unaipeleka Goma, unaiwashia rangi za disko. Mtu amekimbia jua maisha yake yote, wewe unamkimbizia nalo!"

Nikatafuta la kumjibu nikakosa, maana alikuwa na Walikale nzima nyuma yake. Katika msitu mnene wa mvua, mwanga unaogonga juu ya miti ukifika chini umebaki asilimia 1 au 2. Mwingine wote umeshaliwa na majani ya ghorofani. Anubias na kangaga wa maji wamezoea kuishi kwa makombo hayo. Ndiyo sababu hukua polepole, na ndiyo sababu jani lao likimwagiwa mwanga mwingi linaota ndevu za mwani kabla halijafungua lingine. Na baridi yetu ya Masisi inazidi kuipunguza haraka ya mmea uliozoea joto la Lowa. Kitabu cha Ufaransa kilikuwa kinazungumzia mimea ya watu wengine.

Isipokuwa, na hili nililiambia meza yote, mmea unaweza kuridhika na makombo lakini mimi sikununua tangi ili nikae gizani nikijua kwamba ndani yake kuna kitu kizuri. Taa ya akwariamu hata siku moja haijachaguliwa kwa ajili ya mmea peke yake. Mmea ungetosheka na dirisha la upande usiopigwa na jua. Taa inachaguliwa kwa ajili ya anayeketi mbele.

Mama Neema akachukua chaki. LED nyeupe, kelvini 6500, wati 10, ya ubao mpana ili imwage mwanga tangi zima, itundikwe juu kidogo ili isiwachome. Saa 6 kwa siku. Wati-saa 60. Simu moja ya kawaida ikichajiwa inameza kama 15, na hapa kwetu watu huja kuchaji kwa franga. Kwa hiyo majani yangu yanakula simu nne kila siku, na fedha ya simu nne itatoka kwenye bajeti ya fromaji. Na saa hizo 6 ni kuanzia saa kumi na mbili jioni, kwa sababu wakati huo sebule inahitaji taa kwa vyovyote, hakuna haja ya kuwasha mbili. Kwa hiyo taa ya samaki ndiyo ikawa taa ya nyumba. Tukaziondoa nyingine. Tunakula kwa samaki, tunasahihisha daftari kwa samaki, mama mkwe anachagua maharage kwa samaki.

Nilitundika taa, nikarudisha tangi mahali pake, nikabadilisha maji, vile vitilapia vilivyokuwa vimenenepa vikaenda kwenye sufuria bila mimi kuulizwa, na mahali pao shemeji akaleta samaki wadogo wa kijito, wembamba, wenye nukta ubavuni. Kangaga akatoa jani jipya. Polepole sana. Lakini lilikuwa lake.

Tatizo la taa nzuri kwenye mji usio na taa nyingi ni kwamba siyo mimea peke yake inayoelekea kwenye mwanga. Baada ya mvua moja kubwa kumbikumbi waliingia kwa maelfu, wakafunika kioo, wakaanguka majini. Watoto wa kartie waliingia nyuma yao na masafuria, kila mmoja akijitetea kwamba wa kwake waliingilia dirishani kwake kwanza. Samaki walikula hadi wakalala ubavu. Sisi tulikula wa kukaanga siku mbili.

Halafu akapita jamaa mmoja mvuvi wa Minova. Kwenye ziwa Kivu huvua sambaza usiku: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinaning'inia juu ya maji, vidudu vya majini vinafuata mwanga, sambaza wanafuata vidudu, wavu unafuata sambaza. Mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, kwa sababu ziwa zima linakuwa taa na samaki hawajui waende wapi. Sambaza wenyewe ni wageni kule, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo wanafuata taa usiku hadi usiku bila kujifunza kitu. Jamaa alikaa mbele ya tangi langu muda mrefu.

"Sisi tunawasha ili tuwakamate," akasema. "Wewe umeshawakamata. Unawasha ya nini?"

Walioelewa mara moja ni wafinalisti, wale wa mwaka wa mwisho wanaongojea Exetat. Alianza kuja mmoja, mwanafunzi wangu wa biolojia, akasema anakuja kuona vipovu. Alikuwa na daftari la kemia kwapani. Kesho yake wakaja watatu. Ilipofika mwezi wa mtihani, sebule yetu ilikuwa na watu sakafuni, kwenye stuli, kwenye ukingo wa meza ya tangi, na hakuna aliyekuwa anaangalia samaki. Saa sita usiku, wakati ambapo kwa kanuni taa inazimwa ili mimea na samaki wapumzike, nilisimama kuizima, na sauti kumi zikasema kwa pamoja: "Mwalimu, bado kidogo."

Ningefanyaje? Vitabu vya siku hizi, vya LED, husema kwamba saa 6 hadi 8 zinatosha na kwamba ukizidisha unaita mwani. Mwani ukaja. Kioo kikaota manyoya, majani ya Anubias yakaota ndevu, na Mama Neema alianza kupima maendeleo ya mtihani kwa rangi ya maji: ikiwa yana ukungu wako kwenye Kifaransa, yakiwa kijani wamefika kwenye hesabu. Batri nayo ilianza kulia alfajiri. Tulifika mahali pa kuweka sharti: kila mfinalisti anayezidi saa sita atakwangua kioo kwa muda huohuo kwa kadi ya simu iliyokwisha. Wakakubali. Kioo kilikuwa kinang'aa kuliko siku kilipotoka Goma, na mwanga uliozidi ulikuwa unaingia tangini vizuri zaidi, ukiwaletea mwani mpya wa kukwangua kesho.

Matokeo yalipotoka, mmoja wa wale waliofaulu alinitumia ujumbe kunishukuru. Mwishoni akaongeza kwamba mdogo wake atafika mwaka wa mwisho msimu ujao, na kama inawezekana awekewe nafasi upande wa kangaga, maana upande wa Anubias samaki mmoja ana tabia ya kumwangalia mtu akikosea.